Je, Wajua? Kisu Kisichokomea Penye Mpini

Je, wajua kwamba panga la shamba, hilo lililochomekwa nyuma ya mlango wa jikoni, lina sifa ambayo wapenzi wa visu huko Marekani na Ulaya huilipia fedha nyingi na kuisubiri kwa miezi? Ligeuze ulitazame mgongo wake. Chuma hakikomi pale mpini unapoanza. Kinaendelea hadi mwisho kabisa, kimebanwa kati ya vibao viwili vya mti au plastiki, na ribiti zimepita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kibao kikipasuka, mkulima huzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na kuendelea kufyeka. Chuma chenyewe hakijaenda popote.

Sehemu ya chuma inayoshikwa na mpini ndiyo msuka. Shoka la kienyeji linao, jembe la kienyeji linao, hata tupa ya seremala inao. Katika visu vingi vya bei ya chini msuka ni kijiti tu, pengine hakizidi urefu wa kidole, kilichosukumwa ndani ya plastiki. Hicho ndicho kisu kinachokuachia mpini mkononi huku ubapa umenasa kwenye boga. Kisu cha msuka mzima ni kipande kimoja cha chuma toka ncha hadi kitako, na umbo la mpini limekatwa humohumo kwenye chuma. Vibao huja baadaye, kwa ajili ya kiganja.

Wala si uvumbuzi wa juzi. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mafundi wa Ulaya ya kati walimimina panga za bronzi ambazo ubapa na mshiko wake vilikuwa kitu kimoja, kisha wakapigilia vibao vya mfupa au mti kwa ribiti. Panga hizo zilisambaa hadi visiwa vya Ugiriki. Ukimwonyesha fundi wa leo picha yake, ataelewa kila hatua bila kuambiwa.

Je, wajua kwamba mtu aliyevipa visu vya msuka mzima sura tunayoiona leo alianza kwa kukosa subira? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, baharia wa meli za mizigo aitwaye Bob Loveless aliingia duka la Abercrombie & Fitch mjini New York kununua kisu cha Randall. Duka hilo wakati ule liliuza bunduki, mahema na nyavu, siyo fulana za vijana. Ndilo lililowahi kumuuzia Theodore Roosevelt vifaa vya safari yake ya uwindaji iliyoanzia Mombasa mwaka 1909. Loveless aliambiwa asubiri miezi tisa. Akaona ni heri atengeneze chake. Alichukua springi ya gari la Packard la mwaka 1937 kutoka kwenye vyuma chakavu vya Newark, akaipasha moto kwenye jiko la kupikia la melini, akaichonga mpaka ikawa kisu. Alipokipeleka katika duka lilelile, waliagiza vingine.

Kisu alichokikosa nacho kina asili yake. Bo Randall, mkazi wa Florida, alianza ufundi mwishoni mwa miaka ya 1930 baada ya kumwona mtu akikwangua rangi ya mashua kwa kisu, na makali ya kisu yasiharibike. Kisu kile kilikuwa kazi ya mkono ya mhunzi William Scagel. Kwa hiyo mlolongo mzima, kutoka Scagel hadi Randall hadi Loveless, ni wa watu walioona kitu kizuri mikononi mwa mwingine wakashindwa kulala.

Loveless baadaye aliachana na nyundo. Alinunua bamba la chuma lililonyooshwa kiwandani, akalikata na kulisaga kwa mashine mpaka kisichokuwa kisu kimeondoka chote. Wahunzi wa fuawe huwacheka wanaofanya hivi, nao hujibu kwamba nyundo haiongezi kitu ambacho kiwanda hakijakiweka. Nimeusikiliza ubishi huo kwa muda mrefu na naona pande zote mbili zinakwepa jambo lenyewe: njia zote mbili hupita kwenye moto mmoja wa mwisho, na hapo ndipo kisu kinapozaliwa au kinapokufa.

Kabla ya moto, turudi kwenye springi. Fundi yeyote wa jua kali angetabasamu kusikia habari ya Packard, kwa sababu springi za lori ndizo malighafi yake ya kila siku, pamoja na tupa zilizokwisha meno. Sababu yake ni ya kikemia. Chuma hakiwi kigumu kwa kupigwa sana. Huwa kigumu kwa sababu ya kaboni iliyomo. Springi nyingi za magari zina kaboni kiasi cha asilimia 0.6, na tupa nzuri huzidi hapo. Nondo za kawaida za ujenzi na misumari zina kaboni kidogo mno. Ukitengeneza kisu kwa nondo ya namna hiyo kitang'aa, kitapendeza, kitachongeka kwa urahisi, na baada ya kukata vitunguu viwili makali yatalala.

Je, wajua kwamba chuma kikipata moto wa kutosha hukataa sumaku? Kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi, sumaku huanguka kana kwamba imegusa jiwe. Hicho ndicho kipimo cha fundi asiye na tanuri la umeme: hupasha, hugusa kwa sumaku, na ikishaacha kushika huongeza moto kidogo tu, mpaka rangi ya chuma ifanane na chungwa lililoiva. Kisha hukizamisha kwenye mafuta yaliyopashwa kiasi. Mafuta ya kupikia yanafaa kwa vyuma vingi. Maji hupoza kwa kasi kupita kiasi, na springi nyingi zikitiwa majini hupasuka.

Katika sekunde hizo chache chembe za chuma hujipanga upya na kuwa kitu kigumu ambacho wanasayansi walikiita martensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens. Fundi hutega sikio. Sauti anayoiogopa kuliko zote ni "tin!" moja ndogo, maana hiyo ni sauti ya ufa, na ufa hauna dawa. Ikipita kimya, huchukua tupa na kuivuta juu ya makali. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekubali.

Lakini hapo kisu bado hakifai. Kimekuwa kigumu kiasi kwamba kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande. Ndiyo maana hupelekwa kwenye oveni, hata ya kuokea mikate, kwa nyuzi 200 hivi na kwa muda wa saa mbili. Uso wake hugeuka rangi ya majani makavu ya mpunga. Ugumu hupungua kidogo, na ustahimilivu huongezeka sana. Mizani ya ugumu inayotumiwa na mafundi wengi ni ya Rockwell, iliyobuniwa na Hugh na Stanley Rockwell wa Connecticut, na kisu kizuri cha chuma cha kaboni huangukia 58 hadi 60. Fundi mjuzi huuacha mgongo wa kisu na msuka viwe laini kuliko makali, ili makali yakate na mgongo uvumilie.

Marekani kuna chama kiitwacho American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976 na Bill Moran na wenzake, ambacho hupima jambo hili bila huruma. Anayetaka kupanda daraja huleta kisu alichokifua mwenyewe. Kwanza hukata kwa pigo moja kamba nene ya sentimita 2.5 inayoning'inia bila kushikwa. Halafu hukatakata mbao mbili za ujenzi. Halafu, kwa makali yaleyale ambayo hayajaguswa kinoo, hunyoa vinyweleo vya mkono. Mwisho kisu hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90. Kikivunjika, fundi huenda nyumbani. Kikifaulu nacho huwa kimeharibika, kwa hiyo kisu bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza mtu wa daraja la chini hubaki kipande kilichopinda ukutani kwake.

Ufundi wa chuma, kwa taarifa ya wanaodhani ulitujia kwa meli, upo kwetu tangu kale. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kuhusu chuma cha Malindi, na kuhusu chuma cha Sofala kilichonunuliwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti wao juu ya Wahaya wa Kagera: mababu zao waliyeyusha chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kwa tanuri ambazo mirija yake ya udongo iliingizwa ndani kabisa, ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo ndio waliowajengea watafiti tanuri la kuonyesha. Kuna wasomi waliobishana nao kuhusu jinsi hewa ilivyopata joto. Chuma kilichotoka hakikubishaniwa.

Sasa swali ambalo wauzaji hawalipendi. Je, msuka mzima ni imara kuliko msuka mwembamba?

Mara nyingi, ndiyo. Mtu anayepasua kuni porini kwa kugonga mgongo wa kisu na gogo anauhitaji, na ndiyo sababu kisu ambacho Mwingereza Ray Mears alikibuni kwa kazi za msituni kina chuma hadi kitakoni. Lakini utazame upanga wa samurai. Msuka wake ni mwembamba kuliko ubapa, umeingia ndani ya mpini wa mti, na kwa kawaida kinachoushikilia ni kijiti kimoja cha mwanzi. Watu walikwenda vitani nao kwa karne nyingi. Sime ya Kimaasai nayo msuka wake mwembamba umefichwa ndani ya mpini uliovikwa ngozi, na hakuna aliyewahi kuiita sime chombo dhaifu. Kisu cha Wafini kiitwacho puukko ni hivyohivyo. Huko kuna sababu ya ziada: kwenye baridi inayogandisha maziwa na mito, hakuna anayetaka kiganja chake kiguse chuma kitupu, na msuka mzima huacha ukanda wa chuma wazi kuzunguka mpini wote.

Kisu huvunjika pale umbo linapobadilika ghafla. Msuka mwembamba uliokatwa kwa kona kali mabegani hukusanya nguvu zote za pigo kwenye kona hiyo, na siku moja hukatika. Kona ikizungushwa kwa tupa, hudumu. Kwa hiyo msuka mwembamba wa fundi makini utaushinda msuka mzima wa fundi mzembe, na anayekuuzia kisu kwa kutaja msuka mzima pekee, bila kusema lolote kuhusu aina ya chuma na jinsi kilivyopitishwa motoni, amekueleza habari za mlango wa nyumba akanyamaza kuhusu msingi.

Kuna jambo jingine kuhusu msuka wa samurai. Mfua upanga huchonga jina lake hapo, chini ya mpini, pasipoonekana. Kutu yake haisuguliwi kamwe, kwa kuwa rangi na umbile la kutu ndilo linalowasaidia wajuzi kukadiria umri wa upanga. Mrithi msafi akiung'arisha msuka kwa msasa hupoteza thamani ya urithi mzima kwa mchana mmoja.

Je, wajua kwamba kisu cha msuka mzima kimewahi kukaa miaka 38 chini ya bahari ndani ya chombo cha angani? Mwanaanga Gus Grissom alirudi duniani tarehe 21 Julai 1961, mlango wa chombo chake Liberty Bell 7 ukafyatuka kabla ya wakati, maji yakaingia, naye akaokolewa huku chombo kikizama. Kilitolewa mwaka 1999 kutoka kina cha zaidi ya kilomita nne za Atlantiki. Ndani yake kilikutwa kisu cha Randall, aina iliyobuniwa kwa ushauri wa mwanaanga mwenzake Gordon Cooper.

Tatizo la kweli la msuka mzima ni uzito. Chuma chote kile mpinini hukifanya kisu kilalie nyuma, na mkono hukichoka upesi. Mafundi wengi hutoboa matundu kadhaa kwenye msuka, ambayo vibao huyafunika. Loveless alipendelea njia ngumu zaidi: kuusaga msuka uwe mnene pale ubapa unapoanza na uzidi kuwa mwembamba kadiri unavyokaribia kitako. Kazi hiyo ni ya kutoa jasho, kwa sababu pande zote mbili lazima zilingane na vibao vikae bila pengo. Ukikiweka kisu cha namna hiyo juu ya kidole cha shahada, hutulia.

Vibao vyenyewe sasa. Je, wajua kwamba mti unaotafutwa sana na mafundi wa visu duniani hukua Kilwa? Mpingo ni mzito kuliko maji, zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, na ukiutupa mtoni huzama. Una mafuta yake ya asili, hauhitaji vanishi, na ukishakauka vizuri hausogei sana hewa inapobadilika. Hilo la kutosogea ndilo linalomhusu fundi wa msuka mzima, maana chuma hakivimbi kwa unyevu na mti huvimba. Mti unaocheza utainuka kando ya chuma na kuacha ukingo unaokwaruza kiganja. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji wa klarineti waung'ang'anie mpingo. Vumbi lake si la mchezo. Huwasha pua na ngozi.

Vijiji viwili vya Kilwa, Kikole na Kisangi, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa kuvuna kwa utaratibu misitu yao ya asili yenye mpingo. Na tangu tarehe 2 Januari 2017, jamii yote ya miti ya aina hii imo katika orodha ya mkataba wa CITES, kwa hiyo biashara ya mbao zake kuvuka mipaka ina karatasi zake. Fundi wa Oregon akipokea kijigogo cha mpingo kisichojaa kiganja hukihifadhi kabatini kama dhahabu. Nawajua watu wa kusini waliokua wakiona mpingo ukichomwa mkaa na kuishia jikoni.

Asiyetaka mti hutumia maikata. Kampuni ya Westinghouse iliianzisha kwenye miaka ya 1910 kwa ajili ya vifaa vya umeme: tabaka za kitambaa au karatasi zilizolowekwa gundi na kugandamizwa. Mafundi wa nyumbani huitengeneza kwa suruali kuukuu za jinzi, na rangi za kitambaa hujitokeza kama mistari ya mbao. Kanga iliyochakaa ingefaa sana.

Kabla ya mashine za msasa na barakoa, usagaji wa visu uliua watu. Sheffield, mji wa Uingereza ulioishi kwa visu tangu zama za kati na ambako Harry Brearley aligundua chuma chake kisichoshika kutu mwaka 1913, ulikuwa na mafundi waliosaga wakiwa wameinamia gurudumu la jiwe kavu. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845, alimnukuu daktari wa mji huo aliyeandika kwamba wasagaji wa jiwe kavu walifikia umri wa wastani wa miaka 35 kwa shida. Waliotumia jiwe lenye maji mara chache walivuka 45. Vumbi la jiwe liliwaganda mapafuni. Fundi wa leo anayekataa kuvaa barakoa kwa sababu ya joto hana kisingizio.

Kwa nini basi mtu asubiri mwaka mzima apate kisu ambacho kiwandani hutoka kwa dakika? Nadhani ni kwa sababu msuka mzima haumwachii fundi pa kujificha. Mpini wa kuchomeka hufunika makosa yote; gundi hujaza, noleo hufunika. Hapa chuma na mti vinaonekana bega kwa bega kuzunguka mpini wote, na pengo lenye unene wa unywele litamkodolea macho mnunuzi kila siku. Mafundi wenye majivuno huligeuza eneo hilo kuwa uwanja wa maonyesho: huchukua tupa ndogo na kuchonga mizabibu na misuko kwenye mgongo wa kisu hadi mwisho wa msuka, au huingiza karatasi ngumu nyekundu kati ya chuma na mti, mstari mmoja mwembamba usio na kazi yoyote ila kuthibitisha kwamba mkono haukutetemeka.

Msomaji uliyeko Uingereza, tahadhari: sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kutembea hadharani na kisu kidogo cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kisu cha msuka mzima hakikunjiki, kwa hiyo ukikutwa nacho barabarani utahitaji sababu ya maana, na kusema kwamba ni kizuri haitatosha.

Na ukienda kununua, usianze na makali. Makali hurudishwa kwa kinoo. Kiinue kwenye mwanga na utazame kutoka kitakoni kuelekea ncha: chuma kinyooke. Tazama ribiti kama zimelala sawasawa na mti. Uliza ni chuma gani na kilipozwa kwa kitu gani. Fundi wa kweli atakujibu mpaka uchoke. Kisha pitisha ukucha taratibu pale chuma kinapokutana na kibao, kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Ukucha ukinasa, mrudishie. Maji ya vyombo yataingia hapohapo, kutu itaanzia chini ya kibao usikoiona, na sabuni ya wiki ya kwanza itatosha kuanzisha kazi hiyo.